Mkimbiaji Naye Apime

Juma hili sitazungumzia bei ya mahindi wala ubovu wa barabara. Nataka tuzungumze juu ya watu wanaokimbia. Simaanishi wanaokimbia madeni, wala wale waliokimbia na mali ya umma. Hao wana siku yao. Nazungumzia raia wa kawaida, mwalimu, fundi, mama lishe, wanaoamka alfajiri, wakavaa raba na kuingia barabarani kwa hiari yao, bila kutumwa na mtu na bila kuahidiwa medali.

Hapa Makambako, na kule Njombe mjini, watu wa namna hii si wengi, lakini wapo, nami ni mmoja wao. Bibi mmoja auzaye vitumbua karibu na stendi alipotuona mara ya kwanza alituuliza, "Wanangu, mnamkimbia nani?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kwa desturi zetu, mtu mzima akionekana anakimbia asubuhi, ama kuna msiba, ama basi linamwacha, ama ana lake jambo. Mama atokaye shambani na mzigo wa kuni kichwani, ukimwambia akafanye mazoezi atakuona huna akili, na atakuwa amekuona sawasawa. Lakini karani akaaye kitini kutwa, dereva wa lori, mwenye duka, na sisi watangazaji ambao kazi yetu ni kukaa na kusema, hatuna mzigo wa kuni. Mwili umeachishwa kazi, lakini sahani haijapunguzwa.

Tena, mbio si jambo geni kwetu. Wengi tuliosoma shule za msingi za nchi hii tulipigishwa mchakamchaka kabla jua halijachomoza, miguu peku, umande ukituganda. Na taifa lina majina yake. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989. Alphonce Simbu alituletea medali ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia ya Tokyo, Septemba 2025, akimpita Mjerumani kwa sehemu 3 tu za mia moja ya sekunde. Hata hivyo, anayekumbukwa zaidi pengine ni yule aliyeshika mkia. John Stephen Akhwari alianguka na kuumia katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akafika uwanjani akichechemea, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Sisi wa Makambako tunajiona jamaa zake, maana kufika kwetu nako ni kwa kuchechemea.

Anayeijua nchi hii ya kusini atanielewa. Makambako ni njia panda. Reli ya TAZARA inapita hapa, barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia inapita hapa, na hapa ndipo inapochepuka ile ya Njombe na Songea. Ni mji wa malori, na ni mji wa upepo. Siku nyingine unakimbia dakika 10 ukajiona uko palepale. Njombe nako, mwendo wa kama kilomita 60 hivi, ni baridi na vilima. Mwezi wa Juni na Julai vidole havifungi kamba za viatu. Ukipanda kuelekea upande wa Kibena, kwenye chai na miti ya miwati, pumzi inakuwa fupi, kwa sababu ni nchi ya juu na hewa yake ni nyepesi. Mgeni kutoka Dar es Salaam aliyekuja kututembelea alikimbia nasi kilima kimoja, kisha akaomba pikipiki.

Basi, kundi letu lina watu 9. Yumo mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa pikipiki, mstaafu wa reli, mama lishe, muuguzi, na mfanyabiashara wa viazi. Hatuna jina, hatuna katiba, wala hatuna mweka hazina. Tunakutana Jumatano na Jumamosi, na mara moja moja tunawafuata wenzetu wa Njombe, au wao wanatufuata. Tunasalimiana "Kamwene", tunaanza kwa kutembea, kisha tunakimbia.

Na hapo ndipo penye jambo langu la leo. Watu wakikimbia pamoja, wanazungumza. Kitu gani kinachomfanya mwanaume wa kwetu, ambaye nyumbani hasemi na kwenye ulanzi anatania tu, afungue moyo wake barabarani kukiwa bado giza? Nadhani ni kwa sababu hamtazamani usoni. Kila mmoja anatazama mbele, na maneno yanatoka kidogo kidogo, pamoja na pumzi. Nami nimesikia mengi humo, ndugu wasikilizaji. Mengi si ya mpira wala siasa. Ni mama aliyekatwa kidole cha mguu kwa sababu ya kisukari. Ni mtoto wa kaka mwenye selimundu. Ni baba aliyelala mzima na kuamka upande mmoja hausikii. Nyuma ya karibu kila mkimbiaji wa kundi letu kuna mgonjwa nyumbani. Mimi mwenyewe nina mama kijijini mwenye sukari, na simu ikilia saa 10 alfajiri moyo unatangulia kabla ya mkono.

Mfanyabiashara wetu wa viazi ndiye mwenye mbio kuliko sote. Baba yake alikufa kwa kiharusi. Kaka yake mkubwa naye kiharusi kikampata kabla hajafikisha miaka 50. Siku moja tukipanda kilima alitwambia wazi kwamba yeye anakimbia ili kitu kile kisimkute. Tulimwelewa. Ila kila muuguzi wetu alipokuja na kile kipimo cha kufunga mkononi, bwana huyu alikuwa na simu ya kupiga, au gari la viazi la kupokea. Alikimbia mbio zote, isipokuwa zile za kwenda kupima.

Jumamosi moja tulimweka kati. Akakaa dakika 5, ametulia, mguu haujakunjwa juu ya mwenzake, mkono umewekwa usawa wa moyo, kabla hatujaanza kukimbia. Namba zikasoma 172 juu, 106 chini. "Dada," akasema, "mashine yako imekwisha betri." Muuguzi hakubishana. Akamfunga mwalimu, ikasoma 118 kwa 76. Akamfunga mstaafu wa reli, ikasoma 134 kwa 82. Betri ilikuwa nzima.

Hebu tuelezane kidogo, maana hapa wengi wanapotea. Namba ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unaposukuma. Ya chini ni wakati moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Zikifika 140 kwa 90 na kuendelea, tena zikirudia hivyo siku nyingine, hilo ni shinikizo la juu la damu. Nalo halina adabu ya kubisha hodi. Mtu anaweza kukaa nalo miaka, hana kichwa kuuma wala kizunguzungu, analima, anacheza ngoma, anakimbia, huku mishipa yake ikichakaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba kati ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, kama 26 katika kila 100 walikuwa na shinikizo la juu, na kama 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Wengi wao hawakuwa wakijua. Katika kundi la watu 9 kama letu, kwa hesabu hiyo, kukosa hata mmoja kungekuwa bahati.

Je, mazoezi hayasaidii? Yanasaidia sana. Mwenye shinikizo akifanya mazoezi mara kwa mara, namba ya juu hushuka kwa wastani wa alama 5 hadi 8. Lakini toa 8 kwenye 172 uone unabaki na ngapi. Ndiyo maana nasema mbio ni rafiki wa dawa, si mke mwenza wake. Anayekimbia akidhani anaukimbia ukoo wake, wahenga walikwisha kumwambia: mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Yule bwana alikwenda hospitali, akapimwa tena, akaanza dawa. Baada ya miezi miwili namba zikawa nzuri, na kwa kuwa zilikuwa nzuri, akaacha dawa. Hapa ndipo watu wetu wengi wanapoangukia. Dawa ya malaria unameza, unamaliza, unapona. Dawa ya shinikizo ni kama paa la nyumba. Kwamba huloweki leo si sababu ya kung'oa bati. Mkewe ndiye aliyetupigia simu. "Shemeji," aliniambia, "kwangu hasikii. Labda ninyi wa barabarani." Nasi wa barabarani tulimwambia, si kwa kumkaripia, bali mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake, tukiwa tunakimbia kandokando yake. Sasa anameza. Kila Jumamosi fundi wa pikipiki humwuliza, "Umekula bati?" naye hujibu, "Nimekula." Nasi hatuna hakika zaidi ya neno lake. Hiyo ndiyo kazi ya urafiki, nayo ni ndogo, lakini hakuna hospitali iwezayo kuifanya.

Kuna jambo jingine ambalo mtangazaji wa Njombe akilikwepa atakuwa anadanganya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 uliukuta mkoa wetu ukiwa na kiwango cha juu sana cha maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na zaidi, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4. Maana yake, katika kila watu 8 mnaokutana nao sokoni, mmoja ana jambo hilo. Mwenzetu mmoja alitwambia, tukiwa tunapoza miili kwa kutembea, kwamba anatumia dawa hizo kwa miaka mingi. Alisema akitazama mbele. Hakuna aliyesimama. Mstaafu wa reli akajibu tu, "Kumbe ndiyo maana unatushinda, wewe una ratiba." Tukacheka wote, yeye akacheka zaidi. Nakumbuka miaka ambayo neno kama lile lingemtenga mtu na sahani yake. Leo anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake, anaishi, analea, na kilimani anatuacha nyuma. Lakini hayo ni kwa aliyepima.

Ndugu wasikilizaji, sisemi kila mtu akimbie. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 kwa juma za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kunatosha. Nusu saa kwa siku 5, hesabu imekamilika. Aliyekaa miaka bila mazoezi asianze kwa kishindo. Atembee kwanza. Kipimo chake ni mdomo wake: akiweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, mwendo huo unamfaa. Akisikia kifua kinabana, au kizunguzungu, asimame na amwone mganga, asijitie ushujaa. Chumvi kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, nasi wa nchi ya viazi tunajua mkono wetu ulivyo mwepesi juu ya kiazi cha kuchemsha. Na anayekimbia kando ya barabara kuu hii ya malori akimbie upande wa kulia, akiyatazama magari yanayomjia, avae nguo nyeupe au ile koti ya kung'aa. Hakuna faida ya kuukimbia ugonjwa ukakutana na tela.

Lakini zaidi ya yote, usikimbie peke yako. Mpate mmoja, si lazima awe wa kabila lako wala wa kazi yako. Mkizoeana, mwulize swali ambalo mkewe ameshindwa kumwuliza, naye akuulize lako. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Barabarani, kukiwa bado giza, kuficha ni kugumu, maana pumzi zenyewe zinasema.

Jumamosi hii, saa 11 na nusu alfajiri, tutakuwa kwenye njia panda, mahali barabara ya Njombe inapochepuka. Muuguzi atakuwepo na kipimo chake, na betri ni mpya. Hakuna kiingilio. Njoo na koti, upepo ni mkali.

Hadi juma lijalo, kwaherini.