Tafuta Kwanza, Kata Baadaye: Useremala na Matengenezo ya Nyumbani kwa Fundi Asiyeona



Mimi ni seremala, ni mkufunzi, na sioni. Sikuja kuomba ruhusa ya mtu asiyeona kushika msumeno. Wanaoushika wapo tayari, mijini na vijijini, wanatengeneza vigoda, wanabadilisha bawaba za milango, wanaziba mabomba. Nimekuja kwa sababu wengi wao wamejifunza kwa vidonda mambo ambayo yangefundishwa darasani kwa wiki chache.

Katika shule zetu nyingi za wasioona, kazi za mikono kwa muda mrefu zilikuwa kusuka na kufuma: vikapu, mikeka, masweta. Ni kazi njema, zimesomesha watoto. Lakini zilichaguliwa pia kwa sababu hazina makali. Mkufunzi akimwona kijana asiyeona anaisogelea patasi, moyo unamruka. Wapo wanaotukumbusha kisa cha Louis Braille, na kisa chenyewe ni cha kweli: mwaka 1812, huko Coupvray, Ufaransa, akiwa na miaka mitatu, alijichoma jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, aliyekuwa akitengeneza matandiko ya farasi, na uambukizo ukahamia jicho la pili. Basi tukisome kisa hicho vizuri. Aliyeumia siku ile alikuwa mtoto anayeona, asiyefundishwa, asiye na mtu wa kumwangalia. Alipokuwa kijana asiyeona, alishika tena chombo chenye ncha, akawa anachomea nukta kwenye karatasi, na mfumo alioubuni mwaka 1824 ndio tunaousomea hadi leo.

Usalama hutajwa mno kama sababu ya kutufungia mlango. Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri apunguze hatari, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Anayesema hawezi kutii ya pili kwa sababu anatii ya kwanza, zote mbili hajazielewa.

Kutafuta na kukata

Fundi anayeona hufanya mambo mawili kwa pamoja. Mkono unakata, na papo hapo jicho linatafuta: mstari uko wapi, kidole kiko wapi, ubao unaishia wapi. Sisi hatuna kitafutaji kingine. Mikono inayokata ndiyo hiyohiyo inayotafuta. Kwa hiyo kazi hizo mbili ni lazima zitengwe. Wakati wa kutafuta, makali yametulia. Makali yakianza kutembea, hakuna mkono unaotafuta chochote. Kila nitakalosema leo linatoka hapo, na mkufunzi atakayesahau mengine yote akabaki na hilo moja ataweza kuyatunga mengine mwenyewe.

Chukueni msumeno wa mkono. Seremala anayeona huweka kidole gumba kando ya meno, akaanza kukata kwa kukisia. Mwanafunzi asiyeona asifundishwe hivyo. Ubao ufungwe kwanza kwenye jiliwa au kwa klampu mezani. Mstari uchorwe kwa ncha ya kisu, si kwa penseli, maana mchoro wa kisu unasomeka kwa ukucha. Kisha kipande cha ubao kilichonyooka kifungwe sambamba na mchoro, kiwe ukuta ambao bapa la msumeno litauegemea. Sasa mkono wa kushoto umemaliza kazi yake ya kutafuta. Unarudi nyuma ya jiliwa, unakaa huko hadi kipande kidondoke. Msumeno unaanza kwa kuvutwa taratibu kuelekea kwako mara mbili tatu hadi ujichimbie njia, ndipo unapousukuma. Karibu na mwisho sauti hubadilika, inakuwa nyepesi na yenye kutetema, na mwenye masikio mazuri hujua kupunguza nguvu mapema kuliko anayeangalia.

Patasi ina sharti moja lisilo na msamaha: mikono yote miwili iwe nyuma ya makali, na kazi ishikwe na jiliwa. Anayeshika ubao kwa mkono mmoja na kusukuma patasi kwa mwingine anatafuta na kukata kwa wakati mmoja.

Kwa nyundo, msumari ushikwe kwa koleo au upachikwe kati ya meno ya kitana cha zamani. Upigwe kidogo hadi usimame wenyewe, kisha kitana kiondoke. Kabla ya kila pigo zito, uso wa nyundo uguse kichwa cha msumari ili mkono ukumbuke unakorudi. Lakini mimi ningemwelekeza mwanafunzi kwenye skrubu mapema. Tundu hutobolewa kwanza, bisibisi hukaa ndani ya kichwa cha skrubu, hakuna kinachorushwa hewani. Drili vilevile: alama ichomwe kwa ncha ya chuma hadi pawe na kishimo, ncha ya drili iingizwe kwenye kishimo ikiwa imezimwa, kidole kiondoke, ndipo iwashwe. Mkipenda tundu lisimame wima, chukueni kipande kinene cha mbao ngumu kilichokwisha kutobolewa wima kwa guni, mkipitishe drili ndani yake.

Kupima bila namba

Hapa ndipo wakufunzi wengi hukata tamaa, kwa sababu futi ya kawaida ina namba zilizochapwa bapa. Jibu langu la kwanza ni kuacha namba. Rafu inayokwenda kati ya kuta mbili haihitaji sentimita. Inahitaji fito mbili zilizolaliana, zikavutwa hadi kila moja iguse ukuta wake, zikafungwa pamoja. Urefu huo unabebwa ulivyo hadi mezani na kuchorwa kwa kisu. Hakuna kusoma, hakuna kunakili, hakuna kusahau. Kwa vipande vingi vinavyofanana, kama miguu minne ya meza, kata mmoja vizuri, kisha funga kizuizi mezani ili mingine yote iishie palepale.

Namba zinapohitajika kweli, wenzetu Marekani wana rula ya fimbo inayotoa mlio kwa kila sehemu ya kumi na sita ya inchi. Haipatikani kirahisi kwetu, lakini kanuni yake inauzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Bolti ya kawaida ya M6 ina hesi ambayo nati ikizungushwa mara moja kamili husogea milimita 1. Nunua fimbo ya chuma yenye hesi hiyo mwili mzima, weka nati, kwaruza pembe moja ya nati kwa tupa ili kidole kijue mzunguko ulipoanzia. Mizunguko 10 ni sentimita 1, nusu mzunguko ni nusu milimita. Kwa vipimo virefu, kata vijiti vya mbao vya sentimita 10 na 20 uviunganishe na fimbo hiyo. Vijana niliowafundisha huanza kuaminiwa na wateja wanapoweza kusema kwa uhakika kwamba droo imepungua milimita mbili.

Mashine na masikio

Mashine za umeme si mwiko, ila zina tatizo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya wanaoona hailioni. Msumeno wa duara hupita desibeli 100, na kazi ya saa nane haitakiwi kupita 85. Kila seremala anaharibiwa masikio na mashine asipoyaziba. Kwetu sikio ni zaidi ya kusikia: ndilo linalotuambia ukuta uko wapi, nani amekaribia, mlango uko wazi au umefungwa. Asiyeona akipoteza masikio amepoteza karibu ramani yote. Kwa hiyo azibe, tena kuliko mwingine yeyote. Lakini akishaziba hajui nani amesimama nyuma yake, wala hasikii kama msumeno uliozimwa bado unazunguka kwa kasi iliyobaki.

Utaratibu ninaoufundisha ni huu. Kabla ya kuziba masikio, fundi anaita kwa sauti kwamba anawasha, na kila aliye karibu anajibu au anaondoka. Akishaziba hatembei: anasimama mahali pamoja hadi kazi iishe. Akizima, mikono inabaki kwenye vishikio mpaka mtetemo wa mashine utulie, ndipo anafungua masikio, anasikiliza tena, na baada ya hapo tu anapeleka mkono mbele. Ni polepole. Na iwe polepole.

Kuna mashine ambayo sitaki mwanafunzi wangu aisogelee: ile meza ya msumeno inayochomelewa mitaani, isiyo na kinga juu ya meno. Nimepita Keko, Dar es Salaam, nikasikia jinsi vijana wanavyopitisha mbao humo wakisukuma kwa vidole. Hiyo haimfai anayeona wala asiyeona. Mbao za kupasua zipelekwe kwenye mashine yenye kinga na mtu wake, sisi tuunganishe, tupige randa, tumalizie kwa msasa. Kwenye kumalizia kiganja ndicho mkaguzi bora, kwa sababu kinagundua bonde ambalo mwanga wa mchana unalificha.

Kuhusu miwani ya kujikinga, nimeulizwa mara nyingi ya nini kwa mtu asiyeona. Wengi wanaoitwa wasioona wana mwanga kidogo uliobaki, maana Shirika la Afya Duniani huhesabu upofu kuanzia chini ya 3/60, na chini ya hapo kuna wengi wanaotofautisha dirisha na ukuta. Huo mwanga kidogo ni mali. Hata asiye na mwanga kabisa ana jicho linalouma na kuambukizwa. Barakoa nayo ivaliwe, kwani vumbi la mbao limo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Nyumbani

Kazi za nyumbani ni ngumu kuliko za karakana kwa sababu nyumba ina watu. Karakanani kila kifaa kina msumari wake ukutani na makali yake yameelekezwa upande mmoja. Nyumbani mtoto anachukua koleo, anacheza nalo, analiacha mlangoni. Naomba familia zifundishwe pamoja na fundi: asiyeambiwa asiguse, na aliyechukua aseme. Kifaa kikianguka, fundi asimame, asikitafute kwa mguu. Achutame, ateleze mgongo wa mkono sakafuni, maana mgongo wa mkono ukigusa makali hujiondoa, lakini vidole hujifunga.

Koki inayovuja ni somo zuri la kuanzia. Funga maji kwenye valvu, fungua koki uhakikishe yameisha, kisha kila kipande unachokitoa kiweke kwenye trei ya mayai, kila kimoja katika shimo lake kwa mpangilio. Unaporudisha, unaanzia shimo la mwisho. Juu ya paa sishauri. Ngazi ndani ya nyumba, ndiyo, iwapo mtu ameishika.

Umeme unahitaji maneno zaidi. Bisibisi ya testa inawaka taa, na taa haitusaidii. Rangi za nyaya hazitusaidii. Simu inayotaja rangi ni nzuri kwa nguo, lakini nisingeweka uhai wangu juu yake. Kinachotusaidia ni redio. Ichomeke kwenye soketi unayotaka kuifanyia kazi, iwashe isikike. Zima kwenye swichi kuu, redio inyamaze. Washa tena, irudi. Zima mara ya pili, inyamaze mara ya pili. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu kwetu umeme hukatika wenyewe. Redio iliyonyamaza mara moja inaweza kuwa imenyamazishwa na umeme kukatika mtaa mzima, ukaamini swichi uliyozima ndiyo yenyewe, kumbe umezima nyingine, na umeme ukarudi vidole vyako vikiwa ndani. Baada ya hapo swichi ifungwe kwa tepu, na nyumba nzima iambiwe.

Hata hivyo, redio inathibitisha soketi hiyo tu, haisemi lolote juu ya waya mwingine unaopita kwenye kisanduku hichohicho. Kubadilisha plagi ya pasi au balbu ni kazi yetu. Kufungua soketi iwe kazi ya mwenye chombo cha kupimia chenye kulia na aliyefundishwa kukitumia. Kutandaza nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni, awe anaona au haoni.

Kwa wakufunzi

Lugha ya darasani ibadilike. "Pale", "hivi", "hapa hapa" hazimfikii mwanafunzi asiyeona. Vitabu vya nje hupendekeza kutaja mwelekeo kwa uso wa saa. Kwetu inachanganya, kwa sababu mshale ukiwa kwenye 3 sisi tunasema saa tisa. Tumieni kushoto na kulia, kuelekea kwako na mbali nawe, juu ya ubao na chini yake. Mkitaka kumwonyesha mkao, muulizeni kwanza, kisha aweke mikono yake juu ya yenu. Msimkamate mikono yake ikiwa na kifaa.

Mwisho ni mtihani wa vitendo, ambao ndio unaowakatisha vijana wetu tamaa. Hupewa mchoro uliochapwa na muda sawa na wengine, kisha hutolewa alama kwa kuwa na mwendo wa taratibu. Napendekeza chuo kitoe mfano wa kushikika badala ya mchoro, au mchoro wa mistari iliyoinuka, na muda wa ziada utakaokubaliwa kabla ya mtihani. Kwenye kazi iliyomalizika pasiwe na huruma yoyote: guni iwekwe kwenye pembe, pima maji iwekwe juu ya rafu, maungio yavutwe. Kazi ikipinda, apunguziwe alama kama mwenzake. Mifano ya kushika ya maungio manne nimeileta, ipo meza ya nyuma, na alasiri tutaifanyia kazi sote tukiwa tumefunga macho.