Riwaya Tatu za Kilwa na Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza



Katika kikao kimoja cha mitaala, mwenzetu mmoja, mwanachuoni ninayemstahi kwa ilimu yake, alitoa rai ambayo wengi waliokuwapo waliipokea kwa ridhaa, nayo ni kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya historia sharti alishwe kwanza hukumu za mabingwa, azihifadhi tarehe, majina na nadharia, na kwamba kumtia mikononi hati za kale, au kumpeleka kwa wazee akawahoji, ni kumtwisha mzigo asioweza kuuhimili, kwani kazi hiyo ni ya waliokwisha kufika uzamili na uzamivu. Rai hiyo haijanipa raha tangu siku ile, na maadamu leo mmenipa jukwaa, nitaijibu kwa urefu. Maneno ya mwanahistoria Mwingereza Hugh Trevor-Roper, aliyenena mwaka 1963 kwamba Afrika haina historia ila ya Wazungu waliofika humo, nayapita, kwa kuwa yalikwisha jibiwa na wengi. Rai ya mwenzetu ina hatari zaidi, kwa sababu imetoka nyumbani na imesemwa kwa nia njema.

Nianze na hizo hukumu zenyewe. Mwanafunzi wa miaka ya 1970 angefundishwa hukumu ya Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa Kisiwani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, kwamba Ali bin al-Hasan, anayehesabiwa mwanzilishi wa nasaba ya Kishirazi, alitawala mnamo mwisho wa karne ya 12. Hukumu hiyo ilisimama juu ya ithibati ya sarafu na matabaka ya udongo, wala haikuwa ya kubahatisha. Lakini mwaka 1984 ilifukuliwa Mtambwe Mkuu, huko Pemba, hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na miongoni mwake zimo za huyo Ali, pamoja na dinari za dhahabu za Kifatimi, ambazo wakati wake wajulikana, na kwa ajili hiyo zama za Ali zikarudishwa nyuma hadi karne ya 11. Aliyehifadhi tarehe tu alibaki na tarehe iliyokwisha batilika. Aliyefundishwa namna tarehe inavyopatikana aliweza kuipokea mpya na kujua kwa nini aipokee.

Sasa niruhusuni nikae kidogo na Kilwa, maana sijapata kuona mwalimu bora wa mwaka wa kwanza kuliko riwaya tatu za kuasisiwa kwake. Ya kwanza ni ya Kiarabu, iliyonakiliwa Unguja mwaka 1877 ikamfikia John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, kisha Arthur Strong akaichapisha London mwaka 1895. Ya pili ni ya Mreno João de Barros, aliyeitia katika tarikhi yake ya mwaka 1552 ilhali yeye mwenyewe hakuikanyaga Kilwa. Ya tatu ni ya Kiswahili, iliyosimuliwa na wenyeji na kuandikwa zama za Wadachi. Zote zasema kwamba wageni walikipata kisiwa kwa mwenyeji wake kwa kumlipa nguo. Tazameni basi zinapoachana. Barros asema Ali alidharauliwa na nduguze kwa kuwa mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, na mrawi wa Kiarabu halitaji neno hilo. Mrawi wa Kiarabu asema nguo zilitosha kukizunguka kisiwa, kisha wageni wakaichimba hori aliyokuwa akiivuka mwenyeji maji yakipwa, hata ikajaa isipwe tena. Msimulizi wa Kiswahili hataji kuchimba: kwake yeye, wageni walisoma Kurani na kutoa kafara, bahari ikakataa kupwa, tena kwake yeye mgeni alimwoa binti wa Mrimba, mwenye kisiwa.

Niliziweka riwaya hizi mbele ya darasa la muhula wa kwanza, bila ya utangulizi wowote. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi wa pwani ya kusini, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu masomo yaanze, akasema kwamba mahali pa kuvuka kwa miguu hapavukiki kila siku, ni wakati wa bamvua tu, na maji mafu hayampi mtu njia. Basi aliyetunga habari hii alikuwa mtu ayajuaye maji ya pale, si mtu aliyeshuka jana jahazini kutoka Shirazi. Binti aliyeketi nyuma yake akauliza: ikiwa mwenye kisiwa alikwisha kuwa mkwe, mbona ilibidi azuiwe asivuke? Saa nzima ikaishia katika maswali hayo mawili, na hakuna hata moja lililokuwamo katika muhtasari niliowagawia.

Mwenzetu atanijibu kwa mfano wa utafiti wa Vita vya Maji Maji, ambao Chuo cha Dar es Salaam kiliufanya mwaka 1968, wanafunzi wa shahada ya kwanza walipotumwa kuwahoji wazee waliovikumbuka vita hivyo vya kuwapinga Wadachi, vilivyoanza mwaka 1905. Ni kweli kwamba maswali yao yalielemea kuutafuta umoja wa taifa, na ni kweli kwamba waliokuja nyuma, mathalani waandishi wa kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010, wameonyesha kuwa kila nchi iliingia vitani kwa sababu zake. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Lakini je, mwelekeo huo wa utaifa ulikuwa wa wanafunzi peke yao? Historia ya Tanzania iliyohaririwa na Kimambo na Temu mwaka 1969 ilikuwa na moyo ule ule, nayo iliandikwa na wahadhiri. Fauka ya hayo, maneno ya wazee wale tunayo leo kwa sababu vijana wale waliyaandika, na wazee wenyewe hawapo tena wa kuulizwa.

Madarasa yetu yamejaa, najua, na walimu ni wachache. Hata hivyo naliomba Baraza la Idara, kabla muhula ujao haujaanza, liamue kwamba kazi ya kwanza ya kila mwanafunzi wa historia katika chuo hiki iwe ni kusoma riwaya mbili zinazopingana, na kuandika hukumu yake mwenyewe kabla hajapewa ya bingwa yeyote.