Kusoma mvua na kuisema ku televizio: maneno yetu kwa wanamemba na wafadhili

 

Leo tunataka kuwaeleza kazi yenye vijana wetu wane wako wanajifunza: kufuata hali ya hewa na kuitangaza ku televizio ya hapa kwetu. Mu mukutano uliopita mumoja wenu aliuliza: shirika la watu wenye walirudi kutoka kambini liko na haja gani na televizio, wakati nyumba zingine hazijapata bati? Ni ulizo ya haki. Tunaijibu.

Wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika mu 1996 na nyuma yake, tukaishi Nyarugusu, kule Kigoma. Kule chakula kilikuja kwa mugao. Hapa, mvua ndiyo mugao. Mutu anaona mvua ya kwanza mu Septemba, anapanda mahindi, kisha jua linawaka majuma mawili na mbegu inakauka. Mara nyingi ni mbegu moja tu alipewa. Wazee wenye walijua alama za upepo na mawingu, wengi tuliwazika ugenini, na watoto wetu hawakuzijifunza.

Tena kuna mambo ya uhai. Mu Aprili 2020 muto Mulongwe ulifurika hapa Uvira, ukabeba watu na nyumba. Mu Mei 2023, kule Kalehe, maji na matope yalishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Hakuna mutu anaweza kuzuia mvua. Lakini mutu mwenye ameambiwa mapema anaweza kulala mbali na muto usiku mumoja.

Vijana wanajifunza nini? Kwanza kupima. Kila asubuhi, saa ileile, wanasoma chombo cha mvua. Milimeta moja maana yake ni litre moja ya maji juu ya kila meta moja ya mraba. Kipima-joto hawakiweke ku jua, wanakiweka mu kivuli chenye kupitisha upepo. Pili, wanajifunza kusoma picha za satelite, zenye kuonyesha mawingu yanakwenda wapi. Tatu, kusoma tangazo la METTELSAT, shirika la serikali la meteo lenye makao Kinshasa. Hapo wanakutana na mutego: Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Radi yenye imeandikwa saa tisa ya mchana kwa saa ya Kinshasa, kwetu ni saa kumi. Kwa muvuvi wa ndagala mwenye kutayarisha mutumbwi, saa moja ni kitu kikubwa.

Kisha ndiyo kamera. Wengi wanafikiri mutangazaji anaona karte nyuma yake. Hapana! Mu studio nyingi nyuma yake kuna kitambaa cha kijani tu. Karte anaiona ku televizio ndogo kando ya kamera, na mukono wake unapashwa kujua Baraka iko wapi bila kugeuka. Hiyo inachukua majuma mengi ya mazoezi. Na iko na dakika mbili tu.

Lakini kazi nguvu kabisa ni kuchagua neno. Ukisema «uwezekano wa mvua ni 70 kwa mia», mama wa sokoni anakuuliza: sasa nianike muhogo ama nisianike? Vijana wanajifunza kusema hivi: «Siku kumi zikifanana na ya kesho, siku saba mvua inanyesha. Muhogo uanikeni karibu na nyumba.» Hawaseme «mvua itanyesha hakika», juu mu inchi za joto mawingu ya radi yanazaliwa haraka, saa za mchana, na bonde moja linaweza kulowa wakati la jirani limekauka. Mutangazaji mwenye anaahidi sana, watu watamwacha siku ya kwanza atakosea, na siku ya hatari hawatamusikia.

Tunasema pia wazi: vijana wetu hawatoe onyo lao wenyewe. Onyo la hatari ni kazi ya serikali. Wao wanalibeba, wanalieleza kwa Kiswahili, Kifuliiru na Kibembe, na wanalifikisha. Na kwa sababu umeme unakatika na televizio si nyingi, sauti ya tangazo inatumwa ku simu, kisha inasomwa kwa megafoni sokoni na ku mwalo.

Kwa hiyo tunaomba vitu vitatu. Wafadhili, mutusaidie kupata vyombo vya kupima mvua kwa vijiji vya mulimani, juu mafuriko yanaanzia kule, na sahani za jua za kuchaji simu. Wanamemba, kila kijiji kitoe mutu mumoja mwaminifu wa kusoma chombo kila asubuhi, hata siku ya Mungu, hata siku hakuna mvua. Sifuri nayo inaandikwa. Na wote, mukisikia tangazo halikutimia, mutuambie. Mutuambie pia lile lilitimia. Bila ninyi hatutajua kama maneno yetu yanafika.

Bati linakinga nyumba moja. Tangazo lenye kufika mapema linakinga kijiji. Tunahitaji yote mawili, na hatutaacha moja juu ya ingine.