TEMBEA NA MWANAO

Mazungumzo ya redio kwa wakati wa likizo ya Desemba
Somo: Kumbukumbu la Torati 6:4-9

 

Shule zimefungwa. Watoto wa bweni wamerudi na masanduku yao, na wale wa kutwa wameweka mikoba juu ya kabati. Katika nyumba nyingi sasa yasikika maneno haya: "Hawa watarudi shule lini?" Mama aona unga wa juma zima umekwisha kwa siku tatu. Baba asema nyumba imejaa kelele. Wengine wamekwisha kumtafuta mwalimu wa kuwafundisha watoto tangu asubuhi hata jioni. Wengine wamewapa simu mkononi ili wanyamaze. Basi leo nataka tuulizane: likizo hii Mungu ametupa ya nini?

Katika somo letu Musa awaambia Waisraeli wayaweke maneno ya Mungu mioyoni mwao kwanza, kisha wawafundishe watoto wao. Naye ataja nyakati nne za kufanya kazi hiyo: wakati wa kuketi nyumbani, wakati wa kwenda njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Angalieni, ndugu zangu, hapa hakutaja darasa. Hakutaja hata hema ya kukutania. Alitaja nyumba na njia. Maana yake ni kwamba mzazi hawezi kumwachia mwalimu wa Shule ya Jumapili kazi yote. Huyo mwalimu anaye mwanao kwa saa moja kwa juma. Wewe unazo saa zilizobaki.

Lakini twazitumiaje? Wakati wa masomo mtoto huamka kungali giza, hurudi jioni, hufanya kazi ya shule, hulala. Baba naye huondoka alfajiri. Wakikutana, swali la baba ni moja tu: "Umepata alama ngapi?" Mtoto akijibu, mazungumzo yamekwisha. Twawajua watoto wetu kwa karatasi ya matokeo, kama karani ajuavyo watu kwa faili.

Jambo la kwanza, wapenzi: kucheza kwa mtoto si dhambi wala si uvivu. Nabii Zekaria, sura ya 8, mstari wa 5, alipoonyeshwa Yerusalemu iliyoponywa, aliona njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Hiyo ndiyo ishara Mungu aliyochagua kumwonyesha kwamba amani imerudi. Mji ambao watoto hawachezi ni mji wenye vita, au njaa, au hofu. Naye Bwana wetu aliwatazama watoto wakicheza sokoni, akaufanya mchezo wao kuwa mfano katika mafundisho yake, kama tusomavyo katika Mathayo 11.

Hata sheria za wanadamu zimelikubali jambo hili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, wasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza, na Kenya iliukubali mkataba huo mwaka 1990. Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza wanafunzi kulazimishwa masomo ya ziada wakati wa likizo. Basi mzazi amfungiaye mtoto darasani mwezi wote wa Desemba asidhani ya kuwa anampenda kuliko wengine. Hata shamba huachwa lipumzike.

Lakini watacheza wapi? Hapa pana huzuni. Mwezi wa Januari mwaka 2015, katika Barabara ya Lang'ata, Nairobi, watoto wa shule ya msingi walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Walipouangusha ule ukuta, walirushiwa gesi ya kutoa machozi, wakiwa na sare zao za shule. Taifa lote liliona aibu, na uwanja ukarudi kwa watoto. Kabla ya hapo, mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika Uhuru Park, akatukanwa sana, lakini mpango ule ukaachwa. Leo baba apandaye basi na watoto wake kwenda kukaa chini ya miti pale anafaidi machozi ya mwanamke yule.

Nasi wa kanisa tujiangalie. Makanisa yetu mengi yana viwanja vizuri, vyenye majani na kivuli. Langoni pana kufuli, na kwenye majani pana kibao kisemacho: "Usikanyage." Wazee wa kanisa, nawasihi, likizo hii fungueni lango. Mwekeni mama mmoja au kijana mmoja mwaminifu wa kuwaangalia watoto, nao waruke kamba, wacheze kati na bano, wapige mpira wao wa makaratasi. Majani yataota tena. Utoto hauoti mara ya pili.

Jambo la pili ni mwili. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, wala mwili wa mtoto si hekalu dogo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lasema kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za kutumia mwili kwa nguvu: kukimbia, kuruka, kucheza mpira. Na kwa watoto wa miaka 2 hadi 4, shirika hilo lilisema mwaka 2019 kwamba wasikae mbele ya televisheni au simu zaidi ya saa moja kwa siku. Mtoto mchanga afungiwaye katika chumba kisichopata jua aweza kupata matege, kwa sababu mwili hutengeneza vitamini D kwa nuru ya jua, na ikikosekana mifupa hubaki laini. Madaktari wa macho nao wameona kwamba watoto wakaao nje mchana hawapati upesi ule udhaifu wa kutoona vitu vya mbali. Mungu ametupa jua bure, nasi tumelifungia nje kwa mapazia.

Jambo la tatu ndilo hasa nililokuja kuwaambia: usiwatume watoto nje tu, toka pamoja nao.

Namjua baba mmoja, fundi wa malori. Kwa miaka mingi alikuwa akitoka watoto wamelala, na kurudi wamelala. Desemba moja mama yake mzee alimwita nyumbani aje atengeneze banda la mbuzi, naye akamchukua mwanawe wa miaka 10 ili amshikie misumari. Gari liliwashusha barabarani, wakatembea kwa miguu kama saa moja na nusu. Mwanzo walinyamaza. Walipokwisha kuvuka kijito, mtoto akaanza kusema. Alisema habari za mbuzi, kisha za mpira, kisha, bila kumtazama baba yake, akasema kwamba shuleni yuko mvulana mkubwa ambaye muhula mzima amekuwa akimnyang'anya fedha za chakula na kumpiga. Ndiyo maana alikuwa akisingizia kuumwa tumbo kila Jumatatu. Baba alikuwa amemchapa kwa ajili ya uvivu ule.

Yule ndugu aliniambia, "Mchungaji, kama tungalikwenda kwa gari mpaka mlangoni, nisingalijua hata leo." Nami nafikiri alisema kweli. Mtoto akisimamishwa mbele ya baba na kuulizwa maswali, hujiona yuko mahakamani. Akitembea kando ya baba, wote wawili wakitazama njia ileile, moyo wake hufunguka wenyewe. Musa alijua sababu ya kuitaja njia.

Labda wewe wasema, "Mchungaji, mimi sina fedha za kuwapeleka watoto mbugani wala hotelini." Wala huhitaji. Jioni hizi za Desemba, mawingu yakitoweka, toka nje baada ya chakula, mtazame mashariki, kuelekea kaskazini kidogo. Mtaona nyota ndogo zimekusanyika kama vifaranga. Hizo ndizo Kilimia, ambazo wazee wetu walizitazama ili kujua majira ya kulima. Waambie watoto wazihesabu. Wengi wataona sita, mwenye macho makali ataona saba. Kisha mwingie ndani, mfungue Ayubu 38, mstari wa 31, na Amosi 5, mstari wa 8, nao watashangaa kuikuta Kilimia ndani ya Biblia. Mtoto aliyejifunza hivyo kwamba Mungu ndiye Muumba hatasahau upesi.

Mchana waonyeshe mbayuwayu warukao chini chini juu ya majani. Wengi wao wametoka Ulaya, wakikimbia baridi, nao watarudi huko baridi ikiisha. Nani aliwafundisha njia? Nabii Yeremia, sura ya 8, mstari wa 7, asema kwamba ndege hujua majira yao, bali watu wa Mungu hawazijui hukumu za Bwana. Mvua ikinyesha na kumbikumbi wakatoka, acha watoto wakimbie wawashike. Ninyi mlio pwani, shukeni ufukweni maji yakipwa, mgeuze mawe mwone kaa na konokono. Ninyi mlio bara, wapelekeni kwa nyanya yao, wakachume maharagwe, wakasikie babu yao alizaliwa wapi na alibatizwa mwaka gani. Na kazi ni sehemu ya likizo pia. Baba akitengeneza ua, mtoto na ashike nyundo.

Hapa niseme neno kwa ajili ya binti zetu. Katika nyumba nyingi likizo ya mvulana ni mpira, na likizo ya msichana ni sufuria, mtungi wa maji, na mtoto wa kubeba mgongoni. Zekaria aliona wavulana na wasichana wakicheza. Gawa kazi sawasawa, ili kaka aoshe vyombo na dada apate kuruka kamba. Na ikiwa nyumbani mwako yuko msichana mdogo wa jamaa, anayekaa kwako, naye ni mtoto, naye ana haki ya jua.

Tena, kumpa mtoto uhuru si kumtupa. Katika Luka 2 twasoma ya kwamba Yesu alipokuwa na miaka 12 alikwenda Yerusalemu pamoja na wazazi wake, safari ya zaidi ya kilomita 100. Walipokuwa wakirudi, Mariamu na Yusufu walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani yumo kati ya jamaa. Walimpata baada ya siku tatu. Kama wazazi wale watakatifu waliweza kudhani tu, sisi je? Usidhani. Jua mwanao yuko wapi, na nani, na atarudi saa ngapi. Wakati wa mvua mito hujaa, na machimbo ya mawe huwa mabwawa yenye kina. Mtoto asiingie majini pasipo mtu mzima ajuaye kuogelea kumwangalia. Na si kila hatari iko majini. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi mwaka 2020, na wanafunzi wengi wasirudi mpaka Januari 2021, tuliona mabinti waliodanganywa na watu waliowajua, na wavulana waliozoea pombe. Wengi wao hawakukosa chakula. Walikosa mtu mzima wa kuwauliza, "Umeshindaje leo?"

Basi, ndugu msikilizaji, fanya mambo matatu kabla ya Jumapili ijayo. Chagua siku moja utembee na mwanao kwa miguu, saa moja tu, simu ikiwa imezimwa. Ikiwa watoto ni wengi, mchukue mmoja mmoja kwa zamu. Jioni moja tokeni wote mtazame nyota, msome pamoja, mwombe pamoja. Na mara moja waambie wao wakufundishe mchezo wao, nawe ucheze, hata wakikucheka. Ukiwa mama peke yako, au babu unayelea wajukuu, neno hili ni lako pia.

Januari yaja. Masanduku yatafungwa tena, nao watapanda gari. Na siku yaja ambayo hawatarudi wakati wa likizo, kwa kuwa watakuwa na nyumba zao. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na siku za kumlea zina hesabu.

Tuombe. Ee Baba wa mbinguni, wewe uliyemwacha Mwana wako akue katika nyumba ya fundi seremala, twakushukuru kwa watoto uliotupa. Utusamehe kwa siku tulizowapita kama wageni. Uwalinde mtoni, barabarani na mikononi mwa wabaya. Utupe miguu ya kutembea nao na masikio ya kuwasikia, wapate kukujua wewe kwa njia yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi, na Bwana awabariki ninyi na nyumba zenu.