MLANGO WA PILI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wapangaji na wenye nyumba wa Hasamba, Wilaya ya Mbozi)



Tumekuja kusema juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analiona kila siku apitapo ukumbini kwake, na kwa sababu analiona kila siku, halioni tena.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti, 2023, nyumba ya ghorofa tano iliyoitwa Usindiso iliwaka moto katika mji wa Johannesburg, Afrika ya Kusini. Watu 76 walikufa, wakiwamo watoto. Wakaazi wake wengi walikuwa maskini waliotafuta kazi, na ndugu zetu wa Tanzania na Malawi walikuwamo. Zamani, wakati wa ubaguzi, nyumba hiyo ilikuwa ofisi ya kutolea vitambulisho vya kumzuia Mwafrika asitembee mjini. Baadaye vyumba vyake viligawanywa kwa mbao na vitambaa ili wapangaji wazidi. Moto ulipokuja, watu walikimbilia lango la chini wakalikuta limefungwa. Wengine walijitupa madirishani. Na mwenye nyumba hiyo alikuwa nani? Halmashauri ya mji wenyewe! Tume iliyoongozwa na Jaji Khampepe ilisema wazi mwaka 2024 kwamba mji ulikuwa na lawama.

Wala tusidhani hayo ni ya mbali. Mwezi wa Machi, 2001, katika shule ya Kyanguli, nchini Kenya, wavulana 67 waliteketea bwenini: mlango mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yalikuwa na nondo.

Sasa tutazame kwetu. Nyumba ya kupanga ya vyumba sita au kumi, ukumbi mmoja katikati, mlango mmoja mbele. Mlango wa nyuma upo, lakini umezibwa kwa magunia ya mkaa na pipa la maji. Pikipiki zalala ukumbini, na dumu la petroli kando yake. Hapo hapo, katika baridi ya Juni na Julai, ambayo watu wa Mbozi hawahitaji kuelezwa, mama aingiza jiko la mkaa ndani ili watoto wapate joto. (Jiko hilo laweza kuua hata bila ya moto, kwa hewa yake isiyo na harufu.) Saa nne usiku geti lafungwa, na ufunguo analala nao mtu mmoja.

Mwenye nyumba hutuambia: nondo ni kwa ajili ya wezi. Ni kweli, wezi wapo, na hatumwombi mtu yeyote aache dirisha wazi. Lakini mwizi huchukua redio. Moshi huchukua jamaa nzima, tena kabla ndimi za moto hazijafika chumbani. Fundi wa kuchomelea aweza kuzitia nondo za dirisha moja la kila chumba bawaba na komeo la ndani, zifunguke kama mlango. Gharama yake hailingani na kodi ya miezi sita tunayodaiwa kwa pamoja kabla hatujaingiza kitanda.

Nasi wapangaji tusijitoe katika lawama. Yale magunia ni ya nani? Ni yetu. Pikipiki ni zetu. Haifai kumdai mwenye nyumba mlango ambao sisi wenyewe tumeuziba.

Serikali nayo ina deni. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni ya mwaka 2007, na Jeshi lina mamlaka ya kukagua majengo. Twataka ukaguzi huo ufike pia kwenye nyumba wanamolala watu wa kawaida, usikomee kwenye mahoteli na vituo vya mafuta. Namba ya kuliita Jeshi ni 114, bila malipo. Lakini gari lisafirilo kutoka mbali halimfungulii mtu kufuli.

Kwa hiyo twapendekeza: jioni hii, kila nyumba itoe vitu vyake mlango wa nyuma na kuujaribu kama wafunguka. Ufunguo wa geti utundikwe ukumbini, mahali ambapo hata mtoto wa miaka kumi aufikia gizani, na mkono wa mtu wa nje haufiki. Barua kwa wenye nyumba juu ya nondo iko hapa mezani. Wenye nyumba waliohudhuria tunawaomba waisome kwanza, kisha wapangaji wapite mmoja mmoja kutia saini.