Mhandisi wa Uzalishaji na Bei ya Mkulima



Wengi wakisikia neno mhandisi hukumbuka daraja, barabara, au mtu aitwaye usiku kuja kufufua mashine. Mhandisi wa uzalishaji viwandani ana kazi nyingine. Yeye huutazama mwendo mzima wa kazi: mali ghafi inavyoingia, watu wanavyopangwa, mashine zinavyopokezana, na saa zinavyopotea.

Chukulieni mfano wa kinu cha pamba. Mitambo yake ya kuchambua yaweza kutoa nyuzi za marobota 20 kwa saa, hali mtambo wa kufunga marobota wamudu 15 tu. Chama kikikopa fedha na kuongeza mtambo wa kuchambua, kitaendelea kutoa marobota 15 yale yale, na deni litakatwa katika bei ya mkulima. Mhandisi wa uzalishaji huligundua jambo hilo kwa saa na daftari, kabla mkopo haujatiwa sahihi.

Tanzania ilianza mapema kuandaa wataalamu. Mwaka 1973 Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa, na mwaka huo huo likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO. Sheria ya mwaka 1997 ikaleta Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Hata hivyo kiwanda kidogo aghalabu humwajiri fundi wa matengenezo, wala hakimwajiri mtu wa kupanga kazi. Kijana aliyehitimu akakosa kiwanda cha kujifunzia hapati uzoefu. Na kwa kuwa hana uzoefu, haajiriwi. Hasara hiyo ni ya kijana, na ni ya mkulima pia.

Ushirika waweza kuikata duara hiyo. Gharama isiyobebwa na chama kimoja yabebeka kwa vyama kumi chini ya Union. Yapo mambo matatu yasiyongoja msimu ujao. Kwanza, kila kinu kiandike saa ya kila mashine kusimama na sababu yake, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Pili, vyama vipokee wahitimu kwa mafunzo ya vitendo, wakiwa chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Tatu, mashine mpya isinunuliwe kabla ya kupimwa uwezo wa zile zilizopo.

Iko tahadhari moja. Mfanyakazi anayepimiwa muda bila kuelezwa sababu hudhani anatafutiwa kosa, naye huficha yale anayoyajua. Hapana budi aelezwe, aulizwe, na asikilizwe. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kujua kazi inakwama wapi.

Ndugu Wajumbe, mkulima hapandi pamba ili mashine zingojane. Kila saa inayookolewa kinuni ni sehemu ya jasho lake inayomrudia.