Wingu lililo chini

Picha za harusi mnazoambiwa ziko “kwenye wingu” haziko angani. Ziko ndani ya seva, yaani kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana katika jengo liitwalo kituo cha data. Kampuni ya Amazon, kwa mfano, ilifungua vituo vyake vya Cape Town mwaka 2020. Faili moja huwekwa kwenye mashine kadhaa, ndiyo maana diski moja ikiungua, picha haipotei.

Kwenye telefone ya Android, nakala ya jumbe na picha zako za WhatsApp huenda kwenye wingu hilo, katika akaunti ya Google, yenye gigabaiti 15 za bure, na barua pepe zako zimo humohumo. Nafasi ikijaa, nakala mpya hazipandi. Na video hula mega kweli, mama; ziache zipande kwenye Wi-Fi tu.

Telefone ikiibiwa, utairudisha nakala hiyo kwenye nyingine, mradi una namba ileile ya simu na unajua anwani na nenosiri la akaunti. Lakini wengi walifunguliwa akaunti na kijana wa dukani! Muulizeni leo nenosiri aliloandika, kisha mlibadilishe.